Unakwenda Kukata Nini?

Karakana ya Baba,
Nyuma ya nyumba, mlango wa bati.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba lile goti lako la kushoto limeacha kukusumbua. Ukinidanganya nitajua, maana wifi huniambia kila kitu. Sisi huku ni wazima. Mama kikohozi kimemwisha. Baba anakula vizuri na kugomba vizuri, kwa hiyo afya ipo. Mimi ndiyo usiseme, nimenenepa kwa furaha.

Najua umenuna. Wiki tatu nzima hujapata neno langu, tangu ule ujumbe wako: "Mwambieni Baba afunge karakana apumzike, mimi nitatuma cha kula." Niliusoma nimesimama hapa hapa, nikaiweka simu juu ya fuawe, na nyundo ilikuwa karibu, Mungu tu. Nimeamua kukujibu kwa kalamu, kwa sababu habari hii ningeituma kwenye simu ungenirudishia alama ya kidole gumba, na haki ya Mungu ningefunga safari kuja kukupiga.

Basi jibu lenyewe ni hili: hatufungi. Kaka, tumeshinda! Tena hatukushinda kidogo. Kaa kitako, mwambie wifi akuletee chai, nikusimulie tangu mwanzo, maana ulikuwa unapata vipande vipande tu na vingine nilikuficha.

Unamkumbuka yule mwalimu wa upishi wa ng'ambo niliyekutajia? Mwanafunzi wake wa zamani alimpa zawadi kisu kilichotoka mikononi mwa Baba. Mwalimu akakitumia mwaka mzima, kisha akatafuta jina la mfuaji mpaka akatupata. Akaandika kwamba chuo chake kinataka visu vitatu kwa kila mwanafunzi, na wanafunzi ni arobaini, na kila wakija wapya tutaagizwa tena. Sharti moja tu: chuo hununua kwa kadi, kupitia duka la mtandaoni, na oda lazima iwe imepita kabla ya tarehe thelathini Agosti. Ikishindikana, watachukua vya kiwandani.

Wewe huko mbali hukujua uzito wa jambo hilo. Madukani huku vimejaa visu vyembamba kama karatasi, bei ya kutupa, na tangu mwaka jana Baba kazi yake kubwa imekuwa kunoa mikasi ya mafundi cherehani. Siku ile barua ya mwalimu ilipofika alimwambia Mama kwamba chuo kikitukosa, anamwachia karakana jirani wa kuosha magari. Aliisema kwa sauti ya chini, na unajua Baba akishusha sauti jambo limekwisha. Kesho yake jirani akaja na futi yake ya kupimia, akaitandaza sakafuni karibu na miguu ya Baba, na Baba anaendelea kugonga chuma kana kwamba anapimiwa mtu mwingine.

Basi nikasema, mimi si ndiye msomi wa nyumba? Nitalifungua hilo duka la mtandaoni.

Duka lenyewe si kazi. Kazi ni malipo. Nimekuja kujua kwamba ukitaka kulipwa kwa kadi na mtu aliye mbali, lazima iwepo kampuni inayosimama katikati, ichukue hela kwake ikupe wewe. Bila kampuni hiyo duka lako ni picha za kutazama. Na kampuni hiyo haimpokei kila mtu. Kwanza inakuuliza wewe ni nani, unauza nini, unamuuzia nani.

Hapo ndipo dhambi zangu zinapoanza, na leo naziungama zote. Nilitaka tuonekane watu wa kisasa, watu wa kutisha sokoni. Duka nikaliita "Makali ya Kuogopwa". Nikamwambia Baba ashike kile kisu kirefu cha kuchinjia, akinyanyue juu ya kichwa, akunje uso. Akauliza kwa nini, nikamwambia ndivyo biashara inavyofanywa siku hizi. Maskini akakunja uso. Visu vingine nikavichomeka kwenye gogo, vimesimama wima, nikavipiga picha kwa chini ili vionekane virefu. Na nyuma ya yote hayo, ukutani, mkuki wa babu ukaonekana vizuri kabisa, hata kutu yake.

Kwenye fomu palikuwa na swali moja: mnahakikishaje bidhaa zenu haziangukii mikono mibaya? Nikapaacha patupu.

Jibu nililijua, Kaka. Na wewe unalijua. Baba tangu tuzaliwe hajamuuzia mtu kisu bila kumuuliza, "Unakwenda kukata nini?" Na haishii hapo, anauliza unapika kwa ajili ya watu wangapi, nani anaosha vyombo, kisu ulichonacho kina kasoro gani. Unakumbuka tulivyokuwa tunajificha nyuma ya magunia ya makaa, aibu imetujaa, mteja amesimama juani anahojiwa kama mchumba? Nikajiambia watu wa mtandaoni wanataka kubonyeza na kwenda zao, ushamba huu tuuache nyumbani. Nikauacha.

Duka lilifunguliwa Jumatatu. Alhamisi likafungwa. Barua pepe ilikuwa na mistari minne: biashara yenu inaingia katika kundi la silaha, silaha hatuzihudumii, asanteni, kwaherini.

Tukaketi jikoni mimi na Mama tukaisoma orodha yao ya biashara wasizozitaka. Lo! Silaha na risasi, sawa. Dawa za kulevya, sawa. Kamari. Upatu ule wa kuingiza watu chini yako. Saa na viatu vya kughushi. Pembe za ndovu. Picha za utupu, hapo Mama akaniamuru niruke. Dawa zinazodai kuponya kila ugonjwa na cheti hazina. Wapiga ramli na watabiri: Mama akavua miwani, akauliza kumbe waganga nao hulipwa kwa kadi? Nikamwambia wangekuwa waganga kweli wangejua mapema kwamba watakataliwa. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Halafu kicheko kikatuishia, kwa sababu tulikumbuka kwamba humo ndimo Baba alimotiwa. Kapu moja na wauza bunduki na wauza dawa za uongo.

Ilibidi aambiwe. Alizima feni ya tanuri, akafuta mikono kwenye aproni yake ya ngozi, akauliza neno moja tu, "Mimi?" Kisha akakaa juu ya kile kigoda chake. Akaniuliza amewahi kumuumiza nani. Kaka, nimewahi kuona Baba amekasirika, nimewahi kuona Baba anaumwa, lakini sikuwahi kumwona ameaibika. Na aliyemtia aibu ni mimi na picha zangu.

Nikawaandikia tena. Kidomodomo unanijua, kalamu yangu ni kama ulimi wangu. Niliwaambia hawana adabu. Niliwauliza kama mama zao hukata vitunguu kwa meno. Jibu lilirudi kabla sijamaliza kuosha vyombo: hapana. Na siku hiyo hiyo, tarehe ishirini na tatu, ndipo ulipoingia ujumbe wako wa kufunga karakana. Baba aliomba nimsomee. Nilimsomea. Akasema, "Kaka yako anatuwazia mema," akaingia ndani kulala, na ilikuwa saa nane mchana.

Asubuhi yake nikaichapisha ile orodha yote, nikachukua penseli, nikakaa barazani kuisoma kwa utulivu, mstari kwa mstari. Hasira hasara, wazee hawakukosea. Nilikuwa nimeishia ukurasa wa kwanza! Ule wa kwanza ni wa vitu vya marufuku kabisa. Ukurasa wa pili ni wa biashara wanazozikubali kwa masharti, baada ya kuwachunguza wenyewe. Humo mna wauza pombe, wauza tiketi za safari, wauza vito, wakusanya misaada, hata mafundi wanaolipwa leo na kutoa kazi baada ya miezi sita, na mafundi wa namna hiyo unawajua mpaka kwa majina. Na mstari wa tisa, Kaka, nimeupigia mistari mitatu kwa penseli: visu vya jikoni na zana za kazi zenye makali. Vipo! Kumbe mlango ulikuwepo, mimi nilikuwa nagonga ukuta.

Nikaomba kwa adabu, safari hii bila kuwataja mama zao, mtu mzima mwenye macho atuone. Wakajibu kwamba yuko mkaguzi, atatupigia simu ya video tarehe ishirini na sita, saa nne asubuhi, na uamuzi wake utakuwa wa mwisho. Siku nne kabla ya chuo kufunga oda.

Siku hiyo Mama alifagia karakana mara tatu, kana kwamba majivu ya miaka thelathini yangekubali kuondoka. Baba alivaa koti lake la harusi yako juu ya aproni ya ngozi, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno. Mimi nilikuwa na karatasi yenye majibu niliyoyaokota kwenye maduka ya wengine, maneno mazito mazito. Simu nikaiegemeza kwenye kopo la misumari.

Akatokea dada mmoja wa makamo yangu, amekaa mbele ya ukuta mweupe, hana kicheko. Akaanza moja kwa moja. Mnatengeneza nini? Urefu gani? Vinakunjika? Vina makali pande mbili? Baba akamwonyesha kimoja kimoja: cha kumenyea, cha mboga, cha kutenganishia nyama na mfupa. Mama naye akajipenyeza, akatoa kisu chake cha jikoni, kile Baba alichomfulia mwaka uliozaliwa wewe, kimenolewa mpaka kimebaki upana wa kidole, akamkatia kitunguu pale pale bila kuulizwa. Machozi yalimtoka lakini hakuacha kukata.

Kisha dada akasogea karibu na kioo. Akauliza, ule mkuki ukutani je? Yaani tumefagia mara tatu, na mkuki tumeuacha! Baba hakutetereka. Akamwambia, "Ule ni wa babu yao. Hauuzwi. Hata ukija na kampuni yako yote." Nikafumba macho.

Ndipo likaja lile swali. Mnajuaje kwamba mnunuzi ana nia njema? Nikainua karatasi yangu, nikaanza kusoma kwamba tunao mfumo wa kisasa wa uhakiki wa wateja. Baba akanigeukia. "Mfumo gani? Mimi huwa namuuliza."

Dada akamwambia aeleze. Na Baba, Kaka, yule asiyesema maneno kumi mpaka chakula cha jioni, akaeleza. Alisema mtu anayetaka kisu cha jikoni ukimuuliza anakwenda kukata nini hajibu swali lako, huanza kukulalamikia kisu alichonacho. Kinateleza, hakishiki makali, mpini umepasuka, mke wake amekisema. Huyo muuzie. Mwenye jambo lake hataki mazungumzo, anataka kisu tu. Akamsimulia yule bwana wa viatu safi, wewe ulikuwepo, aliyechagua kisu kirefu kuliko vyote. Alipoulizwa akasema hayakuhusu. Baba akakirudisha kisu sandukuni, akamwambia basi na kisu nacho hakikuhusu. Wiki ile tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, lakini hilo Baba hakulisema, nalisema mimi.

Dada alikuwa anaandika, haandiki kidogo. Baba akamtazama, akamwambia, "Mwanangu, kumbe wewe ni wa mkono wa kushoto. Nyumbani unatumia kisu gani?"

Nilitaka ardhi inimeze. Mkaguzi anakaguliwa! Lakini yule dada akaiweka kalamu chini, akageuka nyuma kidogo kama anayeangalia bosi yuko wapi, akasema kisu chake kinaponda nyanya badala ya kuzikata, na anakichukia, na alikinunua ghali. Baba akamwambia, "Hicho si kisu, hicho ni kijiko kilichokasirika." Akacheka. Kaka, mkaguzi akacheka mpaka akashika kifua! Baba akamuuliza anapikia watu wangapi, akajibiwa wawili, yeye na mama yake. Akamuuliza mkono wake ukoje, akauinua mbele ya kioo. Wakazungumza nyanya robo saa nzima.

Mwisho akanigeukia mimi. Akauliza mbona jambo hili sikuliandika kwenye fomu, wakati ndilo walilokuwa wakilitafuta. Nikatafuta uongo, sikuupata. Nikamwambia kweli, kwamba niliona aibu. Baba alisikia. Hakunitazama, alibaki anavipanga visu mezani, vikae sawa.

Simu ilipokatika nilimwomba msamaha. Nililia, sikufichi. Nimemwonea aibu baba yangu kwa jambo ambalo watu wenye kampuni kubwa wanalitafuta na hawalipati. Aliniambia nilikuwa nataka tuuze, na yeye pia anataka tuuze, basi tusilaumiane. Kisha akavua lile koti akaniambia nikalitundike vizuri.

Tarehe ishirini na nane, saa tano asubuhi, jibu likaja. TUMEKUBALIWA! Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu ndivyo nilivyolisoma. Wametuweka kundi la ukurasa wa pili, na masharti yao ni haya: tuuze vya jikoni na vya kazi tu, vyenye makali upande mmoja, kwa watu wazima tu, picha zionyeshe kisu kikifanya kazi yake halali, na lile jina la kuogopwa liondoke. Na la mwisho, lililoandikwa na yule dada mwenyewe: swali la mzee liwekwe dukani, kila mnunuzi alijibu kabla hajalipa, na mzee ndiye aamue.

Mama alipiga kigelegele mpaka jirani wa kuosha magari akaja mbio, hajui kama ni harusi au ni moto. Tukamwambia. Akatupongeza, kwa kweli akatupongeza vizuri, si mtu mbaya. Baba akamwomba ile futi yake, akapimia rafu mpya ya kupangia maboksi. Nilimwona Baba anatabasamu kwa ukuta.

Chuo kililipa tarehe ishirini na tisa. Yule mwalimu wa upishi naye alilazimika kujibu swali, hakusamehewa. Aliandika ukurasa mzima na nusu. Baba akasema huyu ni mtu.

Sasa ungeiona karakana! Tanuri linawaka tangu asubuhi. Visu mia na ishirini, springi kuukuu za magari za kufulia visu zimerundikwa mpaka mlangoni, mafundi wawili wa kuchomelea wa mtaa wa nyuma wanakuja kusaidia kukata vipande. Mimi napiga msasa mipini, vidole vimeota malengelenge, na sijawahi kujisikia vizuri kama hivi. Duka sasa linaitwa "Visu vya Jikoni vya Mhunzi". Picha ya mbele ni mikono ya Mama na kitunguu. Amekwisha kuwaonyesha majirani wote mikono yake maarufu.

Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Baba anavaa miwani anakaa na mimi kusoma majibu. Hakuna hela inayokatwa kwenye kadi ya mtu mpaka aseme ndiyo. Wapo wanaoandika neno moja, wapo wanaoandika historia ya ukoo. Mzee mmoja mjane aliandika kwamba mkewe ndiye aliyekuwa akipika, sasa anajifunza, na anaogopa vidole vyake. Baba akaamua apelekewe kifupi chenye ncha butu, na akaniambia nimwandikie jinsi ya kukunja vidole anapokata. Mwingine alibonyeza herufi za ovyo ovyo ili apite. Baba akasema kataa. Nikamwambia huenda ana haraka tu. Akasema mwenye haraka asishike kisu.

Yule dada mkaguzi naye ameagiza. Kifupi, mpini mnene, cha mkono wa kushoto. Amelipa kama watu wengine, na jibu lake lilikuwa "nyanya".

Sasa, Kaka, tuje kwako. Ulidhani hatutajua?

Jumanne iliyopita iliingia oda kwa jina la wifi. Anwani ni ya mjini kwenu, mtaa wenu, nyumba yenu. Kisu cha mboga, kimoja. Kwenye swali umejibu: "Vitu vya nyumbani." Mimi nilicheka, nikasema ona mtu aliyetuambia tufunge, sasa anakuja kununua kwa mlango wa nyuma. Nikamsomea Baba kwa furaha, nikidhani naye atacheka.

Hakucheka. Aliniomba nimsomee anwani mara ya pili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasema nikatae.

Nilishangaa. Nikakutetea, niamini, nilikutetea hasa! Nikamwambia jibu ni fupi lakini si baya, Kaka hajui kueleza mambo, tumwandikie aongeze neno. Akasema jibu halina kosa lolote. Akasema, "Mteja hujaza fomu. Mtoto huja nyumbani."

Basi nikabonyeza kataa, ndiyo maana hela yako haikukatwa, usiende kugombana na benki.

Lakini kisu chako kipo. Alikifua siku hiyo hiyo, aliacha visu vya chuo vikasubiri, na unajua hajawahi kumweka mteja kando kwa ajili ya mtu yeyote. Kile kipande cha chuma alikuwa nacho tangu ulipoondoka, amekizungushia kitambaa, hatukujua. Ubapa wenyewe umekwisha, umenolewa, uko juu ya rafu mpya. Mpini ndio hajautia. Nilimwambia nina mipini mingi tayari, achague. Akasema hawezi, mkono wa mtu hubadilika katika miaka sita, lazima aushike kwanza.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie jina lake limetumika vibaya na nimemsamehe. Wabusu watoto, waambie shangazi yao sasa ana duka. Mama anakusalimu, anasema goti lisiwe kisingizio. Jirani anakusalimu. Baba nilipomuuliza kama ana salamu alisema atakupa mwenyewe.

Mungu awalinde, awape afya na riziki, akufungulie njia, Kaka, na safari hii njia yenyewe iwe ya kuja.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinuna,

Kidomodomo.